Maji ya Dawa

Katika daftari la otoklevu la maabara niliyofanyia kazi kuna mistari 38 ya uongo, na yote ni mwandiko wangu. Kila mstari una tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, nyuzijoto 121, dakika 30, na saini. Pembeni kimebandikwa kipande cha tepu chenye milia myeusi.

Asiyeijua tepu ile nimweleze. Inafanana na tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, na ikitoka kwenye boksi milia yake ni hafifu. Unaibandika juu ya mfuko wa taka za maabara, mfuko unaingia kwenye otoklevu, lile sufuria kubwa la mvuke lenye mfuniko wa komeo, na mvuke ukishafanya kazi milia inageuka myeusi. Ndiyo shahidi kwamba joto limepita. Kipande kinakatwa na kubandikwa daftarini ili mkaguzi akija aone.

Koili ya mashine yetu iliungua mwezi wa Juni. Mimi nilikuwa na shahidi wa akiba. Siku chache kabla ya hapo nilifunga mfuko kwa tepu ndefu kupita kiasi, karibu mita nzima, ikatoka nyeusi yote, nikaiviringisha kwenye kalamu na kuitia kwenye droo bila nia yoyote. Nia ilikuja baadaye. Kuanzia Juni hadi Oktoba nilikuwa nakata kipande kifupi, nabandika, naandika nyuzijoto 121, natia saini, naenda kunywa chai.

Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa ndani ya mkoa wa Tabora, kwenye njia ya kale ya misafara, na hilo linatosha. Nikiitaja, watu watasema hospitali ile ndiyo iliyokosa, nami nitajibanza nyuma ya ukuta wake. Aliyekosa ni mimi, mteknolojia wa maabara wa meza ya bakteria, mwenye cheti na miaka mingi kazini, si kijana wa kusema sikufundishwa.

Nitasema pia jambo ambalo nilichelewa kuliona. Mashine ilipoharibika niliandika barua moja ya kuomba koili. Nikajibiwa nisubiri bajeti. Barua ya pili sikuiandika, kwa sababu kufikia hapo daftari langu lilikuwa linasema mashine inafanya kazi. Wakaguzi wa mali walipopita mwezi wa Agosti, walifunua kurasa, wakaona milia myeusi imejipanga kama askari kwenye gwaride, wakaandika "nzima". Nani atanunua koili ya mashine nzima? Uongo wangu ndio uliokuwa unaizuia mashine isitengenezwe, na mashine mbovu ndiyo iliyokuwa inanidai uongo mwingine kila wiki.

Sasa niseme nilichokuwa namwaga.

Meza ya bakteria ni mahali pa kufuga. Wodini wanachukua usaha wa kidonda kwa swabu, mkojo kwa kikopo, damu kwa chupa yenye supu ya virutubisho. Sisi tunawapaka bakteria hao kwenye pleti ya agari, tunawalaza kwenye inkubeta kwa nyuzijoto 37, joto la mwili wa mtu, na kesho yake tunawakuta wameota vidoadoa. Kidoa kimoja kisichozidi punje ya ulezi kina mamilioni ya bakteria. Kisha tunawawekea diski za dawa mbalimbali tuone ipi inawaua. Wanaokufa kwa kila dawa hawatuchukulii muda. Tunaowarudia, tunaowapandikiza kwenye pleti mpya na kuwatunza kwa uchunguzi zaidi, ni wale walioshindikana. Kwa hiyo ukitafuta mahali ambapo vimelea sugu wamekusanywa, wamelishwa na kuzidishwa kwa makusudi, usiende mbali. Ni ile meza yangu.

Ndiyo maana kuna otoklevu. Kinachooteshwa mezani hakitoki mlangoni kikiwa hai.

Mashine ilipokufa nikaanza kutumia ndoo. Pleti nazitumbukiza kwenye maji yenye Jik, supu za chupa za damu nazimimina humo humo, naziacha mpaka nirudi kutoka kula, kisha maji yote nayamwaga sinki na pleti zinakwenda shimoni kuchomwa. Nilijiambia kwamba Jik inaua. Ni kweli, Jik inaua, ikiwa na nguvu yake na ikipewa muda. Lakini klorini haichagui adui. Ukiitia kwenye damu, usaha na supu ya nyama, inapigana kwanza na hivyo, inakwisha nguvu, na bakteria waliojificha ndani ya mabonge wanabaki wakitazama. Hili nalo nililisoma chuoni. Ninaweza kulieleza kwa kuchora ubaoni. Nilikuwa nalijua wakati natazama maji yale ya rangi ya chai ya maziwa yakizunguka na kuzama kwenye tundu la sinki.

Sinki huwa linamfanya mtu aamini kwamba jambo limekwisha. Maji yanazunguka, yanagugumia, yanapotea. Lakini bomba la maabara yetu liliungana na bomba la wodi ya upasuaji, la wazazi, la watoto, la jikoni na la vyoo, yote yakaingia kwenye chemba moja nyuma ya jengo, na chemba ikaelekea kwenye shimo la majitaka lililochimbwa zamani, hospitali ikiwa na vitanda vichache. Shimo lilikuwa limezidiwa. Gari la kunyonya lilipochelewa, chemba ilitapika. Kijito chembamba kilitoka chini ya mfuniko wa zege, kikapita kwenye ua wa michongoma, kikateremka mbugani.

Mwenye kuijua Tabora anajua kiangazi chetu. Mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano, mpaka Novemba ni vumbi tu. Majaruba ya mpunga yanapasuka ardhi, nyasi zinageuka rangi ya simba. Katika bonde lile, mwezi wa Agosti, kulikuwa na mstari mmoja tu wa kijani, na mstari huo ulifuata kijito cha chemba yetu. Matuta ya mchicha, matembele, nyanya chungu, na katikati nyanya na pilipili hoho.

Bustani kubwa kuliko zote ilikuwa ya bibi mmoja. Sitamtaja jina, ameshabeba ya kutosha kwa ajili yangu. Kila asubuhi nilipokatiza bondeni kwenda kazini tulisalimiana. "Mwangaluka, daktari," angesema, nami ningeitikia "Mwangaluka, bibi," bila kumsahihisha kwamba mimi si daktari. Kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na wengi wetu tunaliacha jina hilo litukae kwa sababu linapendeza.

Asubuhi moja alinisimamisha. Alikuwa na kopo la lita tano mkononi, amelitoboa chini kwa msumari, ndilo la kumwagilia. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa humo ndani. Maji haya yanayotoka kwenu, ni salama?"

Nilikuwa nimechelewa. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ngoja nikapime, maana kazi yangu ni kupima. Nikasema, "Ni salama, bibi. Yale yanatoka na dawa humo. Ni maji ya dawa."

Akacheka kwa furaha. "Ndiyo maana mchicha wangu hauliwi na wadudu!"

Nami nikacheka, nikaenda zangu. Sikuwa na haja ya uongo ule. Hakuna aliyekuwa ananikagua pale bondeni. Nilikuwa nimezoea tu kuandika "nyuzijoto 121", na mkono ukishazoea, ulimi haukai nyuma.

Baada ya wiki mbili mke wangu alirudi sokoni na fungu la mchicha uliolowa, umefungwa kwa ugomba. Akasema ameupata kwa yule bibi wa bondeni, watu wanamgombania, maana ana tangazo lake: "Chukueni mchicha wa maji ya dawa! Daktari mwenyewe amenithibitishia!" Tukaula. Ulikuwa mtamu, umetiwa karanga. Nilikula huku natazama sahani, na kila tonge lilikuwa linanisemesha, lakini nikalimeza.

Aliyenifumbua macho hakukusudia kunifumbua. Mwezi wa Oktoba tulipokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti mkimya mwenye daftari lisilomtoka mkononi. Nikamwambia ajifunze kumbukumbu za usalama, akae na daftari la otoklevu. Akakaa nalo kama saa nzima. Kisha akanijia, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, "Shikamoo mzee. Samahani. Hivi vipande vya tepu, mbona mkato wa hiki unaingiana na mkato wa hiki?"

Nikaangalia. Mkasi wetu ulikuwa na pengo, unakata kwa jino. Mwisho wa kipande cha Jumatatu na mwanzo wa kipande cha Alhamisi vilikuwa na jino lile lile, kama vipande viwili vya kigae kimoja. Na Alhamisi na Jumatatu iliyofuata. Na kuendelea, kurasa mpaka kurasa. Mtu angeweza kuibandua yote na kuiunga upya ikawa tepu moja, mita nzima, iliyopita kwenye mvuke mara moja tu.

Nilimjibu, "Ni mkasi." Akasema, "Sawa, mzee," akarudi kwenye kiti chake. Hakuniuliza tena, wala hakumwambia mtu. Lakini niliona hakuandika chochote kwenye daftari lake siku ile, na hapo nikaelewa kwamba ameandika kichwani.

Jioni hiyo, wenzangu walipoondoka, nilichukua chupa nne safi. Moja nikaijaza kwenye chemba. Ya pili kwenye kijito, pale kinapoingia bustanini. Ya tatu nikaomba maji kwenye ndoo ya bibi mwenyewe, nikimwambia ni ya vipimo vya kawaida. Ya nne nikaichota juu ya bonde, kabla ya hospitali, kwenye mfereji unaopokea maji ya nyumba za watu. Nikayazimua, nikayapaka kwenye pleti za agari ya MacConkey ambazo nilikuwa nimezichanganyia dawa ya jamii ya seftriaksoni, ile sindano ambayo hospitali zetu nyingi zinaitegemea kwa nimonia, homa ya uti wa mgongo na vidonda vya upasuaji. Pleti yenye dawa hiyo isingepaswa kuota bakteria wa kawaida.

Asubuhi niliwahi kabla ya mfagizi. Nilipofungua inkubeta nilisikia harufu kwanza; wenye kazi hii wanaijua. Pleti ya chemba ilikuwa imefunikwa yote kwa waridi, rangi wanayotoa bakteria wengi wa utumbo kwenye agari ile. Ya kijito ilikuwa na vidoa visivyohesabika. Ya ndoo ya bibi nilivihesabu kwa kalamu nyuma ya pleti mpaka nikaacha.

Nikachagua vidoa kadhaa nikavipima kwa diski. Kesho yake nikaziinua pleti kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hukaa mbali na diski, unaona duara safi kuizunguka, kama kivuli cha mwembe saa sita mchana. Kwa seftriaksoni hapakuwa na duara. Utando wa bakteria ulifika mpaka ukingoni mwa diski ukaigusa. Gentamisini, vivyo hivyo. Sipro ilikuwa na kijiduara cha aibu. Meropenemu peke yake ndiyo iliyokuwa na duara pana, nikakaa kwenye stuli na kushukuru, huku nikijua kwamba meropenemu ni dawa ghali ambayo zahanati zilizotuzunguka hazina.

Na pleti ya nne, ya maji ya juu ya hospitali? Nayo iliota. Vidoa vichache, lakini vilikuwepo.

Nitasema kilichonipitia moyoni, maana maungamo ya nusu ni ujanja mwingine. Nilifurahi. Nilisema: kumbe si mimi peke yangu. Majumbani watu wananunua vidonge vitatu vya rangi mbili kwa mafua, wanameza sipro kila wakisikia neno UTI, wanawapa kuku dawa kwenye maji. Sehemu kubwa ya dawa nyingi za namna hiyo hupita mwilini ikiwa bado hai, ikatoka kwa mkojo. Kwa hiyo maji ya mji mzima yana dawa kidogo na vimelea sugu kidogo, na hakuna mtu anayeweza kusimama akaonyesha kidole kwamba bakteria huyu ametoka kwenye sinki lako wewe. Utetezi huo ni wa kweli wote, na nilikaa nao siku tatu.

Kilichouvunja ni historia ya kwetu.

Chuoni tulifundishwa kisa cha kipindupindu cha mwaka 1977. Ugonjwa ulipolipuka nchini tetrasaiklini ilitolewa kwa wingi, si kwa wagonjwa tu bali hata kwa wazima kama kinga. Mwezi wa kwanza, vimelea vyote vilivyopimwa viliuawa na dawa hiyo. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 vilikuwa sugu. Profesa Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake waliliandika hilo katika jarida la Lancet mwaka 1979, na dunia bado inalitaja. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Nilifahamu pia uchunguzi wa Muhimbili wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa watoto waliokuwa na bakteria kwenye damu: wale ambao bakteria wao walibeba kimeng'enya cha kukata dawa za jamii ya seftriaksoni walikufa asilimia 71, na ambao bakteria wao hawakuwa nacho asilimia 39. Kimeng'enya cha namna hiyo ndicho kinachofanya duara lisionekane kwenye pleti. Nilikuwa nimetazama ukingo wa diski ile na kujifariji kwamba nina wenzangu.

Halafu kuna jambo la chemba yenyewe, na hili mtu wa Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, anapaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Watu wanadhani bakteria sugu huwa sugu kwa kuzaliwa tu, mtoto akirithi kwa mama. Wanarithi, ndiyo. Lakini pia wanapeana. Wana kipete kidogo cha vinasaba, plasmidi, ambacho kinaweza kubeba usugu wa dawa nne au tano kwa mpigo. Bakteria mmoja anamsogelea mwingine, hata wa kabila jingine kabisa, anamkabidhi nakala, na yake inabaki naye. Wanachohitaji ni mahali pa kukutania, chakula, na dawa kidogo isiyotosha kuua, ambayo inawaondoa wanyonge na kuwaachia uwanja wenye plasmidi.

Tabora ilikuwa nini, kama si mahali pa kukutania? Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa enzi hizo, Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajijengea. Misafara ya Bagamoyo ilifika na merikani na shanga, ya Ujiji ikafika na pembe, Wanyamwezi wakawa wapagazi wa kwenda na kurudi, na kila mtu alikaa wiki au miezi akingoja. Hakuna aliyeondoka na kile kile alichokuja nacho. Bidhaa, maneno, mbegu za embe, na magonjwa pia. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alichapisha kitabu mwaka 1876 akikifuatilia kipindupindu kwenye njia za biashara, kituo hadi kituo. Maradhi yalikuwa yanatembea kwa miguu ya watu, na yalipumzika pale watu walipopumzika.

Chemba yetu ilikuwa Kazeh ya namna hiyo. Bakteria wa kidonda wodini, wa utumbo wa mpishi, wa mtoto mwenye kuhara na wale niliowafuga mimi walikutana chini ya mfuniko mmoja, kwenye ute ulioganda mabombani, huku mikojo ya wagonjwa ikiwaletea dawa kidogo kidogo mchana na usiku. Na wakizuiwa njia moja wanazunguka. Mtemi Mirambo alipoifunga barabara ya Ujiji mwaka 1871, mpelelezi Stanley, aliyekuwa amepiga kambi Kwihara, karibu na Tabora, hakurudi pwani. Alizungukia kusini akafika. Bakteria ukimfungia njia kwa dawa hii, atatengeneza kimeng'enya cha kuikata, au pampu ya kuitapika, au atabadili kitasa ili ufunguo usiingie. Katika kituo cha namna hiyo, kusema "maji yalikuwa machafu hata kabla yangu" ni kama mwenye msafara kusema ndui ilikuwepo njiani hata kabla hajapita na mgonjwa wake. Mimi nilikuwa naipelekea misafara chemba ile mara mbili kwa wiki, miezi minne.

Siku ya nne nilichukua kalamu nyekundu na daftari la otoklevu. Mbele ya kila mstari wa uongo nikaandika neno moja: haikuwashwa. Mara 38. Nikaandika barua kwa mganga mfawidhi na kwa kamati ya kudhibiti maambukizi, nikabandika matokeo ya zile chupa nne. Nilipewa onyo la maandishi, na lilikuwa haki yangu. Koili ilinunuliwa ndani ya wiki tatu. Wiki tatu! Gari la kunyonya likaanza kuja kwa ratiba, na ufa wa chemba ukazibwa. Shimo jipya lilichukua muda mrefu zaidi, na lilipokamilika nilikuwa karibu kustaafu.

Kwa bibi nilikwenda mara tu barua ilipotoka. Nilimkuta amechutama anang'oa magugu. Nikamwamkia, nikakaa kwenye tuta, nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida: maji yale yana vijidudu ambavyo dawa zetu haziviwezi, na mimi nilimwambia ni salama bila kupima.

Akaniuliza, "Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua, bibi."

Alinyamaza, akapangusa mikono kwenye kanga. Nilianza kumweleza kwamba mchicha ukiiva vizuri jikoni vijidudu hufa, kwamba hatari zaidi iko kwenye nyanya na hoho zinazoliwa mbichi kwenye kachumbari, kwenye mikono yake, kwenye kisu na ubao wa kukatia. Kwamba ni bora amwagilie shinani, si juu ya majani, na aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna. Yote hayo ni kweli na yanasaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa nimwagilie nini?"

Sikuwa na jibu. Mwezi ulikuwa Oktoba. Bondeni hapakuwa na maji mengine.

Akasema, "Basi kesho uje sokoni. Mimi niliwaambia watu kwamba umesema wewe. Siwezi kuwaambia kwamba hukusema. Kawaambie mwenyewe. Na uvae lile koti lako."

Nilikwenda. Saa moja asubuhi, koti jeupe mwilini, nikasimama nyuma ya kigunia chake cha mboga kama mchuuzi. Mteja akija, bibi anasema, "Ngoja kwanza, huyu ana neno," nami nalisema. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alirudisha fungu taratibu, akalipanga pale pale alipolitoa. Kijana mmoja aliniuliza, "Sasa mzee, tutawaamini vipi tena?" Siku ile bibi aliuza mafungu matatu. Mengine alirudi nayo, na pesa ya hayo mengine nilimlipa mimi, akaipokea bila kusema asante, na hakuwa na sababu ya kuisema.

Siku hizi mabango na redio zinatukumbusha kwamba holela-holela itakukosti, na watu wa afya tunalijua vizuri lile neno lenyewe, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Takwimu tunazo: mwaka 2019 peke yake, duniani kote, vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Lakini nikisikia mafunzo yale huwa naona tunamsema zaidi mama aliyenunua nusu dozi dukani. Asemwe, ni sawa. Ila nusu dozi yake iliingia tumboni mwake mwenyewe. Ndoo yangu niliimwaga kwenye matumbo nisiyoyajua, nikatia saini.

Kama kuna mtu aliugua kwa sababu yangu, sijui, na sitajua. Hakuna kaburi ninaloweza kwenda kuliomba radhi, na hakuna aliyeniambia kwamba sina. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, bibi na wenzake walichimba kisima kifupi upande wa juu wa bonde. Nilichangia pampu ya mkono. Kiangazi maji yake yanapungua sana, na matuta sasa ni nusu ya yale ya zamani. Bado tunasalimiana nikipita. Haniiti tena daktari. Ananiita mwanangu, na nikimwambia jambo lolote, hata bei ya karanga, ananitazama kidogo kabla ya kuitikia, kama anavyofanya na noti ya elfu kumi: anaiinua kwanza kwenye mwanga.